KONA YA KOMPYUTA: Mstari Mmoja ni Mtu Mmoja

Wanaokuja darasani jioni wametuomba tueleze namna ya kupanga orodha katika kompyuta. Na wale ambao hawajawahi hata kugusa kompyuta wasigeuze ukurasa, maana hii habari inawahusu sana. Jina lako, baba, na lako, mama, na ya watoto wenu, yako kwenye orodha. Orodha ya shule, orodha ya mgao, orodha ya chanjo, orodha ya kuni. Maisha yetu hapa yanapita kwenye orodha. Basi ni vizuri kila mtu ajue orodha inapangwaje, na inaharibikaje.

Tuanze na maneno. Orodha iliyopigwa mistari kwenda chini na kwenda pembeni tunaiita jedwali. Mstari unaolala, kutoka kushoto kwenda kulia, tutauita mstari. Ule unaosimama, kutoka juu kwenda chini, tutauita kolamu. Kachumba kamoja kamoja kanaitwa seli. Kupanga maana yake ni kuiambia kompyuta: weka hawa watu kwa utaratibu, kwa mfano kuanzia A mpaka Z, au kuanzia mdogo mpaka mkubwa.

Sasa shikeni neno hili moja, hata mkisahau mengine yote: MSTARI MMOJA NI MTU MMOJA. Jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, namba ya familia yake, alama zake za mtihani, vyote hivyo ni mali ya mtu yule yule. Jina likihama kwenda juu, vingine vyote vihame pamoja nalo. Ukihamisha jina peke yake umemkata mtu vipande.

Mfano wetu

Tuchukue watoto wanne wa mfano tu, si watu wa kweli. Orodha imeandikwa jinsi walivyofika kujiandikisha. Kolamu ni hizi: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya familia, alama kwa 100.

1 – Zawadi – 2013 – 27 – 48
2 – Bahati – 2011 – 104 – 71
3 – Irakoze – 2012 – 9 – 65
4 – Furaha – 2014 – 27 – 80

Mwalimu anataka kuwapanga kwa alfabeti. Akipanga vizuri, atapata hivi:

2 – Bahati – 2011 – 104 – 71
3 – sivyo, anafuata Furaha, namba 4: 4 – Furaha – 2014 – 27 – 80
3 – Irakoze – 2012 – 9 – 65
1 – Zawadi – 2013 – 27 – 48

Mnaona zile namba za mwanzo zimechanganyika: 2, 4, 3, 1. Hiyo ndiyo dalili kwamba watu wamehama wazima wazima, kila mmoja na mzigo wake.

Sasa tuseme mwalimu ameichagua kolamu ya majina peke yake, akapanga. Inatoka hivi:

1 – Bahati – 2013 – 27 – 48
2 – Furaha – 2011 – 104 – 71
3 – Irakoze – 2012 – 9 – 65
4 – Zawadi – 2014 – 27 – 80

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Kama kufaulu ni alama 50, Bahati aliyepata 71 sasa ameanguka, na Zawadi aliyeanguka amekuwa wa kwanza darasani. Bahati amepewa hata familia ya watu wengine. Na jedwali ni safi kabisa! Hakuna rangi nyekundu, hakuna kelele, majina yako kwa alfabeti. Mtu akiliona ukutani atasema, hawa wamefanya kazi nzuri.

Tena kuna mtego mwingine. Mtazameni Irakoze. Yeye kwa bahati alikuwa wa tatu kabla na amebaki wa tatu, kwa hiyo habari zake ni sawa. Ukimchungulia yeye peke yake utasema orodha yote iko sawa. Ndiyo maana tunasema: kupima kwa mtu mmoja hakutoshi. Pima watu watatu au wanne, wa juu, wa katikati na wa chini.

Si hadithi ya kutunga

Jambo la namna hii lilipata kutokea katika shule moja ambayo hatutaitaja. Matokeo yalibandikwa, watoto wengine wakashangilia, wengine wakarudi nyumbani wanalia. Kuna mama mmoja ambaye hajui kusoma sana, ila anajua mwaka aliomzaa mtoto wake. Akaomba asomewe mstari wote, neno kwa neno. Akasikia mwaka wa kuzaliwa si wake. Akasema, huyu si mwanangu, mwanangu alizaliwa tukiwa bado nyumbani, na mwaka huo sisi tulikuwa tumeshafika hapa. Wakacheka kwanza. Halafu wakaleta daftari la mkono la mwalimu wa darasa, wakalinganisha, wakakuta karibu orodha nzima imekatwa vipande. Kuna mtoto alikuwa amekaa siku mbili hataki kutoka nje, kumbe alikuwa amefaulu.

Tunaleta habari hii ili tujue mambo mawili. La kwanza, daftari la mkono lisitupwe hata kompyuta ikiwepo. La pili, mzazi ana haki ya kuomba asomewe mstari wote wa mtoto wake, siyo jina na alama tu.

Na msidhani ni sisi watu wa kambi tu. Uingereza, mwaka 2020 wakati wa korona, ofisi ya afya iliyoitwa Public Health England ilikusanya majibu ya vipimo katika faili la Excel la aina ya zamani. Faili la aina hiyo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ilipojaa, mingine haikuingia, na hakuna aliyeona mara moja. Wagonjwa 15,841 wakakosekana kwenye hesabu kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, na kuwatafuta watu waliokaa karibu nao kukachelewa. Mstari ukipotea, mtu amepotea. Mafaili ya aina mpya, tangu toleo la mwaka 2007, yanachukua mistari 1,048,576, lakini somo ni lile lile.

Namna ya kupanga katika Excel

Haya, sasa wale wenye kompyuta mbele yao.

Kwanza, hifadhi nakala. Faili la asili liache kama lilivyo, fanya kazi kwenye nakala yenye jina lingine na tarehe.

Pili, weka kolamu ya namba ya mwanzo: 1, 2, 3, 4 mpaka mwisho, kabla ya kupanga chochote. Hii ni dawa kubwa. Siku ukitaka kurudi kwenye utaratibu wa kwanza, unapanga kwa kolamu hiyo na kila mtu anarudi alipokuwa.

Tatu, hakikisha hakuna kolamu tupu katikati ya jedwali wala mstari mtupu. Kompyuta ikikuta kolamu tupu inafikiri jedwali limeishia pale. Vilivyo ng'ambo ya pili vinabaki vimekaa wakati vya huku vinahama, na haikuambii neno.

Nne, weka mausi kwenye seli moja tu ndani ya jedwali, usichague kolamu. Nenda palipoandikwa "Data", halafu "Sort". Kwa kompyuta zilizowekwa Kifaransa, kama zile tulizozoea Kongo, ni "Données" halafu "Trier". Kitafunguka kidirisha. Hapo chagua kolamu unayotaka ifuatwe, na kama ni A mpaka Z au Z mpaka A. Kuna pahali pa kuiambia kompyuta kwamba mstari wa kwanza ni vichwa vya habari. Usisahau pale, la sivyo neno "Jina" nalo litapangwa katikati ya watu kama mwanafunzi!

Tano, kama ulichagua kolamu moja, Excel mara nyingi inakuuliza swali kabla ya kupanga. Jibu la kwanza ni "Expand the selection", yaani panua uchukue jedwali lote. La pili ni kuendelea na kolamu ile peke yake. Chukua la kwanza. Watu wengi wanabonyeza haraka haraka bila kusoma, na hapo ndipo watu wanakatwa. Na mjue, ukichagua kolamu mbili au tatu, ukaacha nyingine, hilo swali haliji. Kompyuta inadhani ndivyo ulivyotaka.

Sita, ukiona mambo yameharibika, usihifadhi, usifunge. Bonyeza Ctrl na Z pamoja, itarudi nyuma. Ukishafunga faili, njia hiyo imekwisha, unabaki na nakala yako na ile kolamu ya namba. Na sisi ambao umeme wetu unakatika bila hodi, tunajua maana ya kuwa na nakala.

Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, njia ni karibu ile ile: "Data", halafu "Sort", na yenyewe pia inauliza kama upanue.

Na katika Word je? Inawezekana. Weka mausi ndani ya jedwali. Katika Word ya zamani, ya mwaka 2003, nenda "Table" halafu "Sort". Kuanzia ya 2007, nenda "Layout" ile ya jedwali, halafu "Sort". Unaweza kupanga kwa ngazi tatu: kwanza hiki, wakilingana kile, wakilingana tena kile kingine. Kama umeunganisha seli mbili kuwa moja, Word itakataa kupanga. Zitenganishe kwanza.

Namba zinazodanganya

Wengi wanatuuliza: mbona nimepanga familia kwa namba, lakini 104 imekuja kabla ya 27, na 27 kabla ya 9? Sababu ni kwamba kompyuta imezichukua kama maneno. Katika maneno inaangalia herufi ya kwanza peke yake kwanza: 1 iko kabla ya 2, na 2 iko kabla ya 9. Hii inatokea sana pale mtu anapoandika "Familia 27" ndani ya seli. Dawa yake: neno "Familia" likae juu kwenye kichwa cha kolamu, ndani ya seli iwe namba tupu.

Tarehe nazo ni mtihani. Ukiandika 05/04/2012, sisi tunasoma tarehe 5 mwezi wa 4. Kompyuta iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani inasoma mwezi wa 5 tarehe 4. Na ukiandika 25/04/2012, inaona hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama neno tu. Basi jedwali lako linakuwa na tarehe nusu na maneno nusu, halipangiki. Ushauri wetu: tengeneza kolamu tatu, mwaka, mwezi, siku. Na andika mwaka wa kuzaliwa badala ya umri. Umri unabadilika kila mwaka, mwaka wa kuzaliwa haubadiliki.

Majina yetu

Hapa tuelewane vizuri, maana programu hizi zilitengenezwa na watu ambao kwao baba, mama na watoto mara nyingi wanashika jina moja la ukoo. Ukipanga kwa jina hilo, familia inakaa pamoja. Kwetu siyo hivyo. Kwa wenzetu Warundi, baba ana lake, mama ana lake, na kila mtoto anapewa la kwake. Ukipanga kwa alfabeti umewatawanya: baba kwenye H, mama kwenye N, mtoto kwenye I. Kwa sisi Wakongo, tangu Mobutu alipokataza majina ya ubatizo mwaka 1972, karatasi nyingi zina jina na postinomu, na prenomu iliporudi ikaongezwa. Mmoja ameandikwa kwa jina, mwingine kwa prenomu, na dada yake kwa postinomu.

Kwa hiyo orodha inayohusu familia ipangwe kwanza kwa namba ya familia, halafu kwa mwaka wa kuzaliwa. Watoto wetu wa mfano watatoka hivi: Irakoze wa familia 9, halafu Zawadi wa 2013 na Furaha wa 2014, wote wa familia 27, halafu Bahati wa familia 104. Sasa Zawadi na Furaha wako bega kwa bega, ndugu wa nyumba moja, na anayesoma anaona familia.

Na tahajia. Mwavita na Muavita, Byamungu na Biamungu, inaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili. Kompyuta inaona watu wawili. Ukiacha nafasi tupu mbele ya jina, litaruka juu kabisa kabla ya A. Kupanga kunasaidia kuyaona majina yanayofanana, maana yanakuja karibu karibu. Lakini angalieni sana! Ukikuta Furaha wawili wamefuatana, usikimbilie kumfuta mmoja ukidhani ameandikwa mara mbili. Furaha ni wengi hapa. Angalia mwaka wa kuzaliwa, angalia namba ya familia. Kama bado una wasiwasi, tembea mpaka nyumbani kwao ukaulize. Miguu yako ikichoka ni afadhali kuliko mtoto kufutwa.

Kwa familia zisizo na kompyuta

Wazazi wetu, tunawaomba mambo manne.

Moja: siku ya kuandikwa, sema jina kwa utaratibu ule ule kila mara, kama lilivyo kwenye karatasi yako. Mwombe karani akusomee alichoandika.

Mbili: mkariri namba ya familia, na watoto waikariri. Jina linaweza kuandikwa vibaya, namba inakusaidia kulitafuta.

Tatu: orodha ikibandikwa, usiishie kwenye jina. Soma mstari wote, au omba kijana akusomee. Mwaka ni wako? Familia ni yako? Idadi ya watu ni yako? Ukiona tofauti, sema siku hiyo hiyo, kwa heshima, ukiwa na karatasi yako mkononi.

Nne: kama hujajiona, usirudi nyumbani ukilia kabla hujatafuta kwa prenomu, kwa postinomu na kwa lile jina jingine ulilowahi kuandikwa.

Na kwa walimu wenzetu, neno dogo. Watoto wenye majina ya Z na W wanasimama mwisho wa foleni kila siku, sabuni inawafikia imeisha, daftari zinawafikia zile zilizochanika. Siku nyingine geuzeni, mpange Z mpaka A. Ni kubonyeza mara moja tu, na mtoto anayeitwa Zawadi atajua naye anaweza kuwa wa kwanza.

Zoezi la mwezi

Nyumbani, kateni karatasi vipande vidogo. Kila kipande kiwe mtu mmoja wa nyumba yenu au wa jirani: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya familia. Wapangeni mezani au kwenye mkeka, kwanza kwa alfabeti, halafu kwa mwaka, halafu kwa familia. Mtaona kipande kinahama chote, huwezi kuhamisha jina ukaacha mwaka nyuma mpaka uchukue mkasi. Kwenye kompyuta huo mkasi upo, na hauonekani. Watoto wa darasa la nne kwenda juu wanaweza kabisa kufanya zoezi hili.

Wenye maswali waje darasani jioni, au wayaandike kwenye karatasi wayaache kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nao. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kujumlisha kolamu bila kuhesabu kwa vidole.



Walimu wenu wa kujitolea, darasa la kompyuta